Maisha ya Marehemu Robert Smalls

Robert Smalls alizaliwa mtumwa mwaka 1839, mjini Beaufort, South Carolina, Marekani. Alfajiri ya Mei 13, 1862, wakati wa vita, aliitorosha meli Planter kutoka bandari ya Charleston, akawatoa utumwani jamaa zake na mabaharia wenzake.

Mwaka 1868 alikuwa miongoni mwa walioandika katiba ya jimbo iliyoweka shule kwa watoto wote. Mwaka huo huo akachaguliwa katika Baraza la Wawakilishi la jimbo, na 1870 katika Seneti yake. Baadaye, Bunge la Marekani.

Mwaka 1895 katiba mpya iliwanyang'anya watu weusi wengi kura. Smalls, mmoja wa wajumbe sita weusi, aliipinga, akakataa kutia sahihi. Alifariki 1915. Twamheshimu kwa ushindi wake, na zaidi kwa kuwa aliposhindwa hakuliacha neno lake.