Modest Mussorgsky: Aliyemlilia Rafikiye kwa Piano

Msomaji aliyewahi kupanda basi Mombasa akielekea Nairobi anaijua njia ipitayo Makueni. Ukishafika Mtito Andei, ambapo abiria hushuka kula, waja Kibwezi, kisha Makindu penye hekalu la Makalasinga, kisha Emali. Kila mji una sura yake. Baina ya mji na mji ni barabara ile ile na abiria ni yule yule, ila moyo wake hubadilika kwa aliyoyaona.

Yuko mtunzi aliyeitunga safari ya namna hiyo kwa piano peke yake, bila ya neno hata moja kuimbwa. Hakuwa Mkamba wala hakupata kuijua nchi hiyo. Alikuwa Mrusi, jina lake Modest Mussorgsky. Na asiyesadiki kwamba ala yaweza kusema bila ya maneno, na aende Kitui akasikilize ngoma ya kilumi, ambayo mdundo wake ndio uitao pepo. Sisi wa pwani tunaojua ngoma za pepo hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Mussorgsky alizaliwa Machi 1839 katika kijiji cha Karevo, jimbo la Pskov, kwa wazee wenye mashamba na watwana. Mama yake ndiye aliyemfundisha piano. Alipotimia miaka 10 alipelekwa Petersburg kusoma, kisha akatiwa chuo cha kijeshi, na mwaka 1856 akawa afisa katika kikosi cha walinzi wa mfalme. Baada ya miaka miwili aliiacha kazi hiyo ili ashike muziki. Akafuatana na Balakirev, Cui, Borodin na Rimsky-Korsakov, vijana waliotaka muziki wenye asili ya Urusi badala ya kuiga ya wageni.

Mwaka 1861 mfalme aliwaacha huru watwana wa nchi nzima. Lilikuwa jambo la haki, lakini mali ya ukoo wa Mussorgsky ilipungua, naye mwaka 1863 akaingia ukarani wa serikali. Mama yake alipofariki mwaka 1865, majonzi yalimsukuma kwenye ulevi, na ulevi haukumwacha tena. Hata hivyo alitunga. Mchezo wake mkubwa wa kuimba, Boris Godunov, ulikataliwa na wakuu wa majumba ya michezo. Akaufanyia kazi upya, ukachezwa mwaka 1874.

Miongoni mwa rafiki zake alikuwamo Viktor Hartmann, mchoraji na mbunifu wa majengo. Siku moja walipokuwa wakitembea mjini, Hartmann aliegemea ukuta, pumzi zimembana. Mussorgsky hakutambua uzito wa jambo lile. Akampoza kwa maneno mepesi, wakaendelea na njia yao. Mwaka 1873 Hartmann akafariki, umri wake miaka 39. Hapo ndipo Mussorgsky alipojilaumu kwa kutofahamu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Mapema mwaka 1874 mhakiki Vladimir Stasov, rafiki wa wote wawili, alisimamia maonyesho ya kazi za marehemu mjini Petersburg, zaidi ya picha na michoro 400. Mussorgsky akaenda kutazama. Mwezi wa Juni mwaka huo, kwa muda wa wiki tatu hivi, akatunga vipande 10 vya piano na kuviita Picha Kwenye Maonyesho, akamtunukia Stasov.

Mwanzo husikika tuni ya mtembezi, hatua zake hazilingani, na mtembezi huyo ni Mussorgsky mwenyewe. Hufika mbele ya picha, akasimama, kisha akaendelea. Huona watoto wakigombana katika bustani ya Paris. Huona gari zito la ng'ombe, na mkono wa kushoto wa mpigaji hugonga sauti nene kama magurudumu yazamayo matopeni. Huona vifaranga wakicheza ngoma nao wangali ndani ya maganda ya mayai, na wanawake wakibishana sokoni Limoges.

Halafu huja picha ya mapango ya wafu chini ya mji wa Paris, ambamo Hartmann alijichora mwenyewe akiwa na mwenziwe, na taa ikiwamulikia. Hapa tuni ya mtembezi hugeuka. Mwendo hupoa, sauti hutetemeka juu kabisa, na yule aliyekuwa mtazamaji huwa sasa yumo ndani ya picha pamoja na sahibu yake. Hiyo ndiyo marthiya yake. Kisha hupita bibi kizee zimwi mwenye kibanda kisimamacho juu ya miguu ya kuku, na mwisho hufunguka lango kubwa la mji wa Kiev, kengele zikilia.

Mussorgsky hakuisikia sifa ya kazi hiyo. Mwaka 1880 alitoka serikalini, na Februari 1881 akalazwa hospitali ya jeshi, ambako mchoraji Repin alimchora nywele timtim na macho yaliyochoka. Siku chache baadaye, tarehe 28 Machi, akafariki, umri miaka 42. Vipande vile vilipigwa chapa mwaka 1886, na mwaka 1922 Maurice Ravel wa Ufaransa akavipangia ala nyingi. Ndipo dunia ilipovijua.

Nyingi katika picha zile za Hartmann zimepotea. Lango la Kiev halikujengwa kamwe. Lilibaki mchoro katika karatasi. Aliyetaka kulijenga alikufa kabla ya wakati, na rafiki ambaye siku ile hakujua la kumfanyia akamjengea kwa piano. Lango hilo ndilo lililosimama hadi leo.