Maisha ya Fanny Crosby, Mtunzi wa Usinipite

Kwaya yetu imeimba Usinipite Mwokozi kwenye mazishi, mikesha na mikutano ya injili, lakini ukiuliza ni nani aliyeutunga, hata sisi wa sauti ya kwanza tunatazamana. Basi katika jubilii hii tumjue.

Fanny Crosby alizaliwa mwaka wa 1820 katika jimbo la New York, Marekani. Akiwa na wiki sita hivi aliugua macho, akaletwa mtu aliyejiita daktari. Huyo alimkanda macho kwa haradali ya moto, na familia iliamini kwamba ndiyo iliyompofusha. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mchanga. Mama akaenda kufanya kazi katika nyumba za watu, na nyanya akawa anamsomea Biblia. Alikariri vitabu vizima, zikiwemo Injili zote nne.

Yule mtu wa haradali hakumwekea kinyongo. Hata uzeeni alisema kama angekutana naye angemshukuru. Hapa mimi katibu wenu sina la kuongeza, maana nimewahi kumnunia mwenzangu miezi miwili kwa sababu ya kitambaa cha sare.

Alisomea shule ya vipofu jijini New York, kisha akafundisha hapo hapo. Kipindupindu kilipoingia jijini mwaka wa 1849, wengi walikimbia. Yeye alibaki, akawauguza wagonjwa. Mwaka wa 1858 aliolewa na Alexander van Alstyne, mpiga kinanda ambaye pia hakuona. Mtoto wao wa pekee alifariki akiwa mchanga, na Fanny hakupenda kulizungumzia jambo hilo.

Alianza kutunga nyimbo za kanisa mwaka wa 1864, akapita nyimbo 8,000. Nyingi zilitoka kwa majina mengine, kwa hiyo sifa hazikumfikia. Kwa wimbo mmoja alilipwa dola moja au mbili, na hata hizo hazikukaa mkononi: akishatoa kodi na chakula, zilizobaki ziliwaendea wahitaji. Aliishi vyumba vya kupanga katika mitaa ya maskini, ingawa jina lake lilijulikana kote Marekani.

Jioni alikuwa akienda kwenye nyumba za misheni walikokusanyika walevi na watu wasio na makao. Aliketi kando yao na kuwashika mkono. Hakuanza kwa kuwatajia dhambi zao, kwa kuwa aliona wanazijua tayari. Aliwaambia kuna msamaha. Usinipite wenyewe, wa mwaka wa 1868, inasimuliwa kwamba ulimjia baada ya kutembelea gereza na kumsikia mfungwa akimlilia Bwana asimwache.

Alifariki tarehe 12 Februari 1915 mjini Bridgeport, akiwa na miaka 94. Kaburi lake liliwekewa jiwe dogo tu, lenye jina ambalo jamaa na majirani walizoea kumwita: Shangazi Fanny.