Phineas Gage: Mtaimbo uliofichua siri za ubongo

Yapata saa kumi na nusu jioni, Septemba 13, 1848, karibu na kijiji cha Cavendish katika jimbo la Vermont, Marekani, Phineas Gage alikuwa akishindilia baruti katika tundu la mwamba ili kupasua njia ya reli. Alikuwa na umri wa miaka 25, msimamizi aliyesifika kwa bidii na busara. Baruti ililipuka ghafla, na mtaimbo wake wenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo sita ukapenya chini ya shavu la kushoto, ukapita nyuma ya jicho na kutokea utosini.

Ajabu ni kwamba hakufa. Dakika chache baadaye alikuwa akizungumza, akasafirishwa hadi kijijini ameketi wima katika mkokoteni wa maksai. Daktari John Martyn Harlow alimwuguza kwa wiki kadhaa, huku usaha na homa nusura vimmalize.

Mwili ulipona, ila jicho la kushoto lilipofuka. Tabia ilikuwa suala jingine. Kwa mujibu wa taarifa ya Harlow ya mwaka 1868, Gage aligeuka kuwa mkaidi, mwepesi wa matusi na mwenye kubuni mipango asiyoitimiza. Waajiri wakamnyima wadhifa wake.

Leo inafahamika kwamba sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso hushirikiana daima na sehemu za ndani zinazoamsha hofu na hasira, ikiwemo amigdala. Utafiti wa kompyuta wa mwaka 2012 ulikadiria kwamba mtaimbo ulikata pia nyuzi nyingi zinazounganisha sehemu hizo.

Wasimulizi wengi huishia hapo, nao humdhulumu marehemu. Mwaka 1852 Gage alikwenda Chile, akaendesha magari ya abiria yanayokokotwa na farasi kwa miaka ipatayo saba. Kazi hiyo hudai subira, mpango na lugha nzuri kwa wasafiri. Mtu aliyepotoka kabisa asingeiweza.

Afya ilipozorota alimfuata mamake San Francisco, ambako degedege zilimwua Mei 1860. Baadaye jamaa zake waliruhusu kaburi lifukuliwe. Fuvu lake limehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na mtaimbo ule ambao hakupenda kutengana nao.