Profesa Pepper na Mzuka wa Kioo

Ndugu msomaji, ushawahi kusimama dirishani usiku, taa ikiwaka ndani, ukajiona uko nje gizani? Basi hiyo ndiyo siri iliyompa sifa John Henry Pepper, mwanakemia aliyezaliwa London mwaka 1821.

Wazo lenyewe, kumbe, halikuwa lake. Mhandisi Henry Dircks alilibuni mwaka 1858, ila lilitaka ukumbi ujengwe upya, wenye kumbi wakalikataa. Pepper akalirahisisha. Aliweka kioo kikubwa kama cha dirisha mshazari jukwaani, na chini yake, shimoni, akamficha mwigizaji aliyemulikwa taa kali. Watu waliona taswira yake ikielea kati ya waigizaji. Taa ikifunikwa, mzuka haupo!

Onyesho la kwanza lilikuwa Desemba 1862, katika taasisi ya Royal Polytechnic, na watu wakafurika. Mwaka 1863 wawili hao walipewa haki ya uvumbuzi pamoja, lakini Dircks alikuwa ameacha faida yote kwa mwenzake. Hata jina likawa Mzuka wa Pepper mpaka leo. Dircks alinung'unika hadi kuandika kitabu.

Pepper alifariki mwaka 1900. Nawe ukiona ajabu, uliza mambo mawili: mwanga watoka wapi, na kazi hii ni ya nani hasa?