Makarenko, Mwalimu wa Vijana Waliounda Kamera

Nyumbani kwetu kuna kamera kuukuu ya mjomba wangu, ile ya kutumia filamu. Ni nzito ajabu. Juu yake zimechorwa herufi tatu: FED. Mimi nilidhani ni jina la tajiri fulani mwenye kiwanda. Kumbe kamera za jina hilo zilianza kuundwa na vijana wa rika letu, wengine wezi na wengine wasio na baba wala mama! Basi nikataka kumjua aliyewalea.

Huyo ni Anton Makarenko. Alizaliwa mwaka 1888 katika mji wa Bilopillia, nchini Ukraine, wakati huo ikiwa chini ya mfalme wa Urusi. Babake alikuwa mpaka rangi katika karakana ya reli. Anton alianza kufundisha mwaka 1905, akiwa na miaka kumi na saba tu, yaani mkubwa wangu kwa mwaka mmoja!

Vita na mapinduzi vilipopita, watoto wasiohesabika walibaki mayatima. Walilala vituoni, wakaiba na kuombaomba, kama wale tunaowaita machokoraa. Mwaka 1920 Makarenko alipewa makao ya vijana waliovunja sheria karibu na Poltava. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini yeye alikabidhiwa samaki waliokwisha kukauka. Sita wa kwanza walimdharau waziwazi. Siku moja aliwaomba wakakate kuni, mmoja akamjibu kwa ufidhuli, naye akampiga makofi. Yeye mwenyewe aliandika habari hiyo kitabuni, wala hakujisifu kwayo. Alijua ameshindwa kama mwalimu.

Kilichofanikiwa ni kitu kingine. Siku moja alimwita kijana aliyekuwa mwizi, akampa farasi, akamtuma mjini akachukue pesa za makao, rubo mia tano. Hakumwekea mlinzi. Kijana akarudi na pesa zote. Mara ya pili akatumwa rubo elfu mbili, akarudi nazo pia. Huyo baadaye akawa mlezi wa mayatima yeye mwenyewe.

Mwishoni mwa 1927 yalifunguliwa makao mapya mjini Kharkov, na Makarenko akapewa kuyaongoza. Hapa sitaficha neno: yalijengwa na polisi wa siri wa Kisovieti, kwa ukumbusho wa mkuu wao marehemu, Felix Edmundovich Dzerzhinsky, ambaye chini yake watu wengi waliuawa. Herufi za mwanzo za majina yake matatu ndizo FED. Ati jina la mtu wa kuogopwa namna hiyo limebandikwa kwenye kazi ya mayatima!

Huko vijana walisoma shule na kufanya kazi kiwandani saa nne kwa siku, na mshahara walilipwa. Walianza na useremala, wakaja kuunda keekee za umeme. Halafu wakajaribu Leica ya Ujerumani. Mainjinia waliifungua, wakapima kila kipande, na mwaka 1932 kamera tatu za kwanza za majaribio zikatoka. Kuanzia 1934 zikaanza kutoka kwa wingi, kwa mfano wa Leica II. Kamera hiyo ina kidirisha cha kupimia umbali: ukichungulia unaona picha mbili za mtu mmoja, unazungusha lenzi mpaka zikutane zikawa moja. Hapo ndipo unapiga.

Si mchezo, jamani. Kosa dogo kuliko unene wa unywele linatosha kuharibu picha. Katika kamera za mwanzo kila lenzi ilirekebishwa kwa mwili wake. Ukiifunga kwenye kamera nyingine, picha huenda ikatoka na ukungu. Ni kweli waliiga, tena bila ruhusa ya Wajerumani. Lakini mikono iliyozoea kuchomoa mifukoni sasa ilishika vipande vidogo mno, na watu wakainunua kazi yao.

Makarenko aliondoka Kharkov mwaka 1935, akahamia Kiev, kisha Moscow mwaka 1937, akiandika vitabu. Tarehe 1 Aprili 1939 moyo wake ulisimama akiwa ndani ya gari la moshi. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Kwa nini nimemchagua yeye? Wengi wenu mnajua nilivyokuwa Kidato cha Pili. Nilikamatwa na kitabu cha maktaba ndani ya sweta. Muhula mzima, kalamu ikipotea darasani, macho yote kwangu, hata siku ambayo sikuja shule! Kisha mlezi wa chama chetu akanipa ufunguo wa kabati la vitabu vya Kiswahili. Hakunihubiria. Aliniambia tu nifunge vizuri nikitoka. Usiku ule sikulala, nikihofia ufunguo usipotee.

Mpaka leo ninao, na vitabu vyote vipo. Nikisoma habari za yule kijana wa farasi, najua alivyojisikia njiani. Wenzangu, mwenzenu akikosea, akiadhibiwa, yaishe. Nanyi walimu wetu wapenzi, funguo zingine bado zipo ofisini. Gaweni.