Ogunde: Askari aliyevua sare akaishitaki serikali jukwaani

MWAKA 1945, kijana mmoja wa jijini Lagos, Nigeria, alitangaza kwamba anatafuta wanawake wa kuigiza jukwaani kwa mshahara. Hakuna aliyejitokeza.

Katika jamii ya Wayoruba ya wakati huo, msichana aliyeimba na kucheza mbele ya umati ili alipwe alihesabiwa kuwa ameivunjia familia yake heshima. Wazazi waliojinyima ili binti zao wapate elimu hawakutaka hata kuisikia habari hiyo. Kijana yule hakukata tamaa. Alitangaza upya, safari hii akisema anahitaji makarani wa kike. Wasichana wakaja, na baadhi yao, walipokwisha kuielewa kazi yenyewe, walikubali kufundishwa uigizaji.

Ujanja huo haukuwa wa kupendeza sana, lakini ndio uliofungua mlango. Machi 1946, kikundi chake kilipotangaza igizo la Tiger's Empire, wanawake walitajwa kwa mara ya kwanza katika maigizo ya Kiyoruba kuwa wasanii wa kulipwa kwa haki yao wenyewe. Kabla ya hapo nafasi za kike zilijazwa kwa kubahatisha, leo yupo mtu, kesho hayupo.

Kijana huyo alikuwa Hubert Adedeji Ogunde, ambaye hadi leo anatajwa kuwa baba wa maigizo ya kulipwa nchini Nigeria.

Alizaliwa mwaka 1916 katika mji mdogo wa Ososa, karibu na Ijebu-Ode. Baba yake alikuwa mtu wa kanisa la Kibaptisti, wakati upande mwingine wa ukoo wake ulishika dini ya jadi. Kwa hiyo mtoto huyo alikua akisikia kinanda cha kanisani asubuhi na ngoma za vinyago jioni, na vyote viwili aliviingiza baadaye katika kazi zake. Alikuwa mwalimu na mpiga kinanda kwa miaka kadhaa, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1940 akajiunga na jeshi la polisi la wakoloni.

Alikuwa bado askari pale kanisa moja la Aladura, yaani la watu wa maombi, lilipomtaka atunge igizo la nyimbo ili kuchangisha fedha za ujenzi. Juni 1944 igizo hilo, The Garden of Eden and the Throne of God, lilionyeshwa katika ukumbi wa Glover mjini Lagos. Watu waliipokea kazi hiyo kwa shangwe, naye akaona kwamba jukwaa linaweza kumlisha mtu. Mwaka uliofuata aliacha upolisi na kuanzisha kikundi alichokiita African Music Research Party.

Bila shaka wakubwa wake kazini waliona ni wazimu. Askari alikuwa na mshahara wa uhakika na sare iliyoogopwa. Mwigizaji hakuwa na hata jina la heshima la kazi yake.

Wakati wenyewe nao ulikuwa wa moto. Juni 1945 wafanyakazi wa reli, posta na idara nyingine za serikali nchini Nigeria, zaidi ya watu 30,000, waligoma. Bei za vyakula zilikuwa zimepanda mno wakati wa Vita Kuu ya Pili, nayo mishahara ilikuwa imebaki pale pale. Mgomo huo uliendelea kwa zaidi ya mwezi mmoja. Ogunde aliutungia igizo, Strike and Hunger, yaani Mgomo na Njaa. Hakumtaja gavana wala idara yoyote. Alionyesha mtawala mgeni anayeshika masoko na chakula cha wenyeji mpaka wanachoka kuvumilia. Mtazamaji hakuhitaji kuelezwa ni nani aliyesemwa.

Mtindo wa kikundi chake ulikuwa wa kuvutia. Onyesho lilifunguliwa kwa wimbo na dansi ya wasichana waliovalia mavazi ya kung'aa, likafungwa vivyo hivyo. Katikati ndipo palipokuwa na kisa, kejeli na vichekesho. Kadiri miaka ilivyosonga, mazungumzo ya kawaida yalichukua nafasi kubwa kuliko nyimbo, nayo hayakuandikwa neno kwa neno. Ogunde alisimulia kisa na kugawa nafasi, kisha kila mmoja alitunga maneno yake palepale jukwaani, kama wanavyofanya waigizaji wa vichekesho vyetu. Aliyekuwa na sauti nzuri lakini ulimi mzito hakuweza kudumu katika kikundi kile. Na kwa polisi aliyetaka kujua nini kitasemwa usiku, hapakuwa na karatasi yenye kila neno ya kukagua.

Kikundi kilisafiri nchi nzima, na hapo wale waliokubali kuigiza walianza kuielewa gharama yake. Mjini Jos, mwaka 1946, wenye mamlaka walilizuia igizo la mgomo na Ogunde akatozwa faini ya pauni 125. Fedha hizo zilikuwa nyingi sana kwa kikundi kilichoishi kwa viingilio vya mlangoni.

Novemba 1949 polisi waliwapiga risasi wachimbaji wa makaa ya mawe waliokuwa katika mgogoro na mwajiri wao huko Iva Valley, mjini Enugu, wakawaua 21. Mwaka uliofuata Ogunde alikuwa na igizo tayari, Bread and Bullet, Mkate na Risasi. Mjini Kano lilipigwa marufuku na yeye akafikishwa mahakamani kwa uchochezi. Shitaka hilo halikumtia hatiani. Alitozwa pauni sita kwa kosa la kubandika mabango ya igizo bila kibali. Ni dhahiri kwamba serikali ilishindwa kumpata kwa alichosema jukwaani, ikamkamata kwa gundi ya ukutani.

Kumpata mwigizaji ni jambo moja, kumbakiza ni jingine. Wasichana waliofundishwa kwa miezi mingi walikuwa wakiondoka, ama kwa kuitwa na wazazi au kwa kuolewa na waume wasiotaka wake zao waonekane jukwaani. Ogunde aliamua kuwaoa yeye mwenyewe. Wa kwanza kujulikana sana alikuwa Clementina Oguntimirin, aliyeitwa pia Adesewa, nyota wa kikundi hadi alipofariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1970. Kwa jumla Ogunde alioa wake zaidi ya kumi, wengi wao waigizaji wake, na watoto wao wakakulia nyuma ya pazia. Msomaji wa leo ana haki ya kuuliza hiari ya mwanamke ilikuwa na nafasi gani pale ambapo mwajiri ndiye mume. Hata hivyo, wanawake hao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa kikundi kile kwa miongo minne.

Uhuru wa mwaka 1960 haukumaliza ugomvi wake na watawala. Jimbo la Magharibi liligawanyika kati ya wafuasi wa Obafemi Awolowo, aliyefungwa mwaka 1963, na wale wa Samuel Akintola, waziri mkuu wa jimbo. Mwanzoni mwa 1964 watu wa upande wa Akintola walimwagiza Ogunde igizo kwa ajili ya hafla yao ya kitamaduni. Walitarajia ngoma na sifa.

Walipata Yoruba Ronu, maana yake Wayoruba, tafakarini. Katika igizo hilo mfalme anasalitiwa na msaidizi wake, anatiwa kifungoni, na msaliti anatawala kwa mkono wa chuma hadi watu wanapomwasi. Akintola, aliyekuwa ameketi miongoni mwa wageni, aliinuka akatoka ukumbini.

Muda mfupi baadaye serikali ya jimbo ilikitangaza kikundi cha Ogunde kuwa chama haramu. Si igizo moja lililozuiwa, bali kikundi kizima katika jimbo zima, nyumbani kwa watazamaji wake wakuu. Kila mwigizaji, mpiga ngoma na mshonaji wa mavazi alipoteza soko lake kwa tamko moja. Ogunde angeweza kuomba radhi, na huenda ingetosha. Badala yake alitunga igizo jingine, Otito Koro, yaani Ukweli Ni Mchungu, akalionyesha nje ya jimbo hilo, ikiwamo Lagos ambayo haikuwa chini ya mamlaka ya Akintola.

Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka miwili. Januari 1966 wanajeshi waliipindua serikali na Akintola akauawa. Mwezi uliofuata gavana wa kijeshi wa jimbo, Luteni Kanali Adekunle Fajuyi, aliiondoa marufuku na kikundi kikarudi kwa watazamaji wake. Mwaka 1967 Ogunde alikipeleka kikundi cha ngoma kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 67 mjini Montreal, Canada.

Televisheni ilipoanza kuwabakiza watu majumbani, alihamia kwenye filamu. Aiye ya mwaka 1979, Jaiyesimi ya 1980, Aropin N'Tenia ya 1982 na Ayanmo ya 1988 zilijaza kumbi za sinema.

Katika miaka ya 1980 serikali ya shirikisho ilimkabidhi kazi ya kuunda kikundi cha taifa cha sanaa za maonyesho. Wasanii walichaguliwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi na kupelekwa Ososa kufanya mazoezi chini ya mzee huyo, mishahara yao ikitoka katika hazina ya serikali. Safari hii hakuna aliyelazimika kuitwa karani ili akubali kuja.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa katika filamu ya Mister Johnson, iliyopigwa Nigeria na mwongozaji Bruce Beresford. Ogunde alifariki mjini London Aprili 4, 1990, akiwa na umri wa miaka 73, akazikwa kwao Ososa.