Ugonjwa Uliomchukua Mwalimu

Mkazi wa Mkonze, pembezoni mwa jiji la Dodoma, hana haja ya kwenda mbali kuiona kazi ya Marehemu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Jiji linalopanuka mbele yake ni tunda la uamuzi wa TANU wa mwaka 1973, wa kuhamishia makao makuu ya Serikali Ugogo.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alisoma Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu, kisha akaacha ualimu ili atumikie siasa. Aliiongoza Tanganyika kwenye uhuru mwaka 1961. Mwaka 1964 yeye na Marehemu Sheikh Abeid Amani Karume wakaziunganisha nchi zao. Aling'atuka mwaka 1985.

Mwaka 1998 aligunduliwa kuwa na saratani ya damu, ya aina inayokwenda polepole. Maradhi hayo huushika uloto, ulio ndani ya mifupa, mnamotengenezwa damu. Chembe mbovu huongezeka na kuzisonga zilizo njema. Yapo mengine yaliyo jirani nayo, ambapo uloto hukauka na kuacha kutengeneza damu. Hayo, yakiwa makali na yasipotibiwa, huwaua wengi kabla ya mwaka kwisha. Yale ya polepole huhadaa. Mwalimu, hali akiwa mgonjwa, aliendelea kuwasuluhisha Warundi mjini Arusha. Alifariki katika hospitali ya St Thomas, London, tarehe 14 Oktoba 1999, wala hakuyaona makubaliano yaliyotiwa saini Arusha mwezi Agosti 2000.

Fundisho lake ni bayana. Ukali wa maradhi ya damu hausomwi usoni. Husomwa katika kipimo cha damu. Aliyekaukiwa uloto, akigunduliwa mapema na kupata dawa zipasazo, au uloto wa ndugu yake unaolingana na wake, ana matumaini makubwa ya kuishi.

Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Utaalamu umekwisha kufika nyumbani. Afya si miongoni mwa mambo ya Muungano, lakini damu haijui Bara wala Visiwani. Hivyo viongozi wa pande zote mbili hawana budi kuhakikisha kwamba mtoto wa Micheweni, sawa na wa Mkonze, anapimwa damu karibu na kwao, na akionekana mgonjwa anafikishwa kwa mabingwa kabla wakati haujampita.